UZI: Ni mambo gani lazima yathibitishwe kabla mtu hajapatikana na hatia ya kuharibu mali?

Mwanzilishi wa uzi (wakili, Nairobi)

Wanajukwaa, salamu. Naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo huletwa humu mara kwa mara likiwa na hasira nyingi na sheria kidogo. Mtu amekuvunjia dirisha, amekukatia ua au amekuharibia gari, nawe umeandikisha taarifa kituoni ukapewa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Je, upande wa mashtaka utatakiwa uthibitishe nini ndipo hakimu ampate na hatia? Nimewaona katika korti za Makadara, Kibera na Milimani walalamishi waliopata hasara ya kweli wakitoka nje mikono mitupu, wakiamini kwamba mshtakiwa ametoa hongo, ilhali kilichokosekana ni ushahidi wa jambo moja ambalo hakuna aliyewaeleza mapema kwamba linahitajika.

Shtaka lenyewe huandikwa chini ya kifungu cha 339(1) cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya. Kifungu hicho ni kifupi. Kinasema kwamba mtu yeyote ambaye kwa makusudi na kinyume cha sheria anaiteketeza au kuiharibu mali yoyote ametenda kosa, na kwamba pasipo adhabu nyingine iliyowekwa anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Ukikichambua utaziona nguzo zake: pawe na mali, mali hiyo iwe imeharibika, aliyeiharibu awe ni huyu aliye kizimbani, awe alikusudia, na awe hakuwa na ruhusa wala sababu inayokubalika kisheria. Zote huthibitishwa na upande wa mashtaka, pasipo shaka, kwa kuwa Ibara ya 50(2)(a) ya Katiba ya 2010 inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe. Ikianguka moja, kesi imekwenda, hata kama zile nyingine zimesimama imara.

Nguzo ya mali na ile ya uharibifu hazileti taabu sana, maana kioo kilichovunjika huonekana. Ya utambulisho huleta taabu pale tukio lilipotokea usiku na shahidi akawa mmoja, au pale kundi la watu lilipopita likirusha mawe na kila mtu akasema tu kwamba "vijana walivunja". Korti haiwezi kuwafunga "vijana". Ni kweli kwamba kifungu cha 21 kinawabebesha lawama moja watu walioungana katika nia moja isiyo halali, lakini lazima kwanza ushahidi uonyeshe kwamba mshtakiwa alikuwa mmoja wao na kwamba aliishiriki nia hiyo. Kusimama karibu hakutoshi.

Kesi nyingi ninazozijua ziliamuliwa na nguzo ya makusudi. Karatasi ya mashtaka huliita kosa hili uharibifu wa mali kwa nia mbaya, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba lazima waonyeshe mshtakiwa alikuwa na chuki nao. Hilo halitakiwi. Kifungu cha 9 cha Kanuni hiyo hiyo kinaeleza kwamba sababu iliyomsukuma mtu kutenda haina uzito katika kuamua hatia, isipokuwa pale sheria inapoitaja waziwazi. Ugomvi wa awali unaweza kumsaidia hakimu aamini kwamba kitendo hakikuwa cha bahati mbaya, lakini hata asiyekujua kabisa, akiokota jiwe na kulivurumisha kwenye kioo cha duka lako, amekusudia.

Kifungu hicho hicho cha 9 kinamwondolea mtu lawama kwa jambo lililotokea kwa ajali. Dereva aliyeshindwa na breki akagonga lango la jirani kule Donholm ameliharibu, ila hakulikusudia. Huyo huenda akajibu kwa uendeshaji wa kizembe chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na atadaiwa gharama za lango. Dereva yule yule akigombana na mlinzi, akarudisha gari nyuma hatua kadhaa, kisha akalielekeza langoni huku mlinzi akimpungia mikono asimame, nia yake inasomeka katika kitendo chenyewe. Shahidi anayeeleza hatua hizo moja baada ya nyingine, gari lilikuwa wapi, lilirudi umbali gani, nani alisema nini, anaisaidia kesi kuliko anayerudia kwamba mshtakiwa ni mtu mbaya.

Nguzo ya mwisho, ya kinyume cha sheria, nimeiacha kwa makusudi. Ulizeni, kisha tutaifikia kupitia mifano yenu.

Mpangaji, Pipeline

Wakili, asante kwa kuufungua uzi huu. Mwenye nyumba wetu alimtuma fundi aung'oe mlango wa chumba changu kwa sababu nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili. Niliporudi kutoka kazini jioni niliukuta mlango umeegemezwa ukutani kwenye ngazi, bawaba zimekatwa kwa grinda, na ndani runinga yangu imeanguka kutoka mezani na kioo chake kimepasuka. Kituoni niliambiwa kwamba mlango ni wake na kwamba nirudi tukaelewane. Je, mtu huyu hana kosa?

Mwanzilishi wa uzi

Pole sana, dada. Hapo kuna mali mbili, na usikubali zichanganywe. Mlango na bawaba ni mali ya mwenye nyumba, na itakuwa vigumu kumshtaki chini ya kifungu cha 339 kwa kukikata kitu chake mwenyewe, hata kama alichokitenda ni uonevu. Runinga ni yako. Kuhusu hiyo, swali litakuwa kama fundi aliiangusha akijua anachokifanya au iliporomoka kwa mtikisiko alipokuwa akikata chuma. Ikiwa jirani alimwona akiisukuma kando au akiitupa sakafuni, makusudi yapo. Na kama mwenye nyumba ndiye aliyemwagiza afanye hivyo, kifungu cha 20 kinamhesabu anayeshawishi au kuagiza kosa kuwa mtendaji sawa na aliyelitenda kwa mikono yake. Ikiwa hakuna aliyeona, utabaki na dhana, na dhana peke yake haimfungi mtu.

Lakini kusema kwamba shtaka la jinai ni gumu si kusema kwamba alikuwa na haki ya kung'oa mlango. Deni la kodi hudaiwa kortini, au kwa kukamata mali ya mpangaji kwa utaratibu wa Sura ya 293, sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, ambao huhitaji dalali mwenye leseni, si fundi mwenye grinda. Usumbufu ulioupata na runinga yako unaweza kuvidai kwa njia ya madai. Kwa hasara isiyozidi shilingi 1,000,000 ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na kwa bahati nzuri huko kiwango cha ushahidi ni chepesi: utatakiwa uonyeshe kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa kuliko yake. Nami nasema waziwazi kwamba kumwondolea mtu mlango akalale wazi na watoto wake ni ukatili ambao jiji hili limeuzoea mno.

Mzee, Ruai

Wakili, mimi nina kesi ya upande wa pili. Nilinunua kiwanja miaka mingi iliyopita na nina makubaliano ya mauzo na risiti. Jirani alikuja akaweka nguzo na seng'enge ndani ya kiwanja changu, nami nikaziondoa. Sasa ninashtakiwa kwa uharibifu wa mali. Je, nitafungwa kwa kuilinda ardhi yangu?

Mwanzilishi wa uzi

Mzee wangu, swali lako ndilo kiini cha nguzo ya kinyume cha sheria, kwa hiyo univumilie nikieleza kwa urefu.

Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa kosa linalohusu mali ikiwa alichokitenda alikitenda katika kudai haki yake kwa uaminifu na bila nia ya kulaghai. Uzito uko kwenye uaminifu. Sheria haikutaki uwe mmiliki halisi. Inakutaka uwe uliamini kwa dhati, wakati ule ulipozing'oa nguzo, kwamba una haki juu ya kiwanja hicho. Hata ikija kubainika baadaye kwamba mpimaji alikosea na kwamba mpaka uko mita kadhaa upande wa kwako, imani ya kweli bado inaweza kukuokoa katika kesi ya jinai, ingawa haitakuokoa katika kesi ya madai, ambako jirani anaweza kukudai gharama ya nguzo zake.

Hakimu hataisoma imani hiyo moyoni mwako. Ataitafuta katika nyaraka na mwenendo: makubaliano ya mauzo, risiti, barua kutoka kwa chifu, miaka uliyolima hapo, malalamiko uliyoyaandika kabla ya siku ya tukio. Vilevile atatazama namna ulivyozing'oa nguzo zenyewe. Mtu aliyezichomoa, akazipanga kando na kumwita jirani azichukue, anaonekana kuwa anadai haki yake. Mtu aliyezikatakata vipande, akaikata seng'enge kila hatua moja, kisha akaendelea hadi kwenye banda la kuku la jirani ambalo halikuwa kwenye kiwanja kinachobishaniwa, amepita mbali na kudai haki, na kuhusu banda lile kifungu cha 8 hakimfikii kabisa.

Kuna mpaka mwingine ambao naomba uutilie maanani. Kama Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilikwisha kutoa amri kwamba kila mtu akae kama alivyo mpaka kesi iamuliwe, na amri hiyo ukapokezwa, itakuwa vigumu mno kusema kwamba uling'oa nguzo kwa imani safi. Je, ulipokea amri yoyote? Na je, ulimweleza afisa mpelelezi habari za makubaliano ya mauzo tangu siku ya kwanza, au utayatoa kwa mara ya kwanza kizimbani? Kisheria huna wajibu wa kusema lolote kituoni, lakini utetezi uliotajwa mapema huaminika kwa urahisi zaidi kuliko ule unaoibuka mwishoni.

Kwa maoni yangu, mizozo ya mipaka inayopelekwa kwa hakimu wa jinai ili aamue nani mwenye shamba inapotezea watu wote muda. Hakimu huyo ana swali moja tu mbele yake, hatia au kutokuwa na hatia, na akiona kwamba pande zote mbili zinadai ardhi kwa nyaraka zinazoonekana za kweli, atabaki na shaka, na shaka humfaidi mshtakiwa.

Aliyekuwa kiongozi wa mashtaka

Wakili mwenzangu ameeleza vyema, nami naomba kuongeza mambo ambayo niliyaona kwa miaka niliyokuwa upande wa pili wa meza.

La kwanza ni umiliki. Maamuzi ya Mahakama Kuu hayakuzungumza kwa sauti moja hapa. Baadhi ya majaji wamehesabu uthibitisho wa umiliki wa mlalamishi kuwa miongoni mwa nguzo, na wengine wamesema kwamba kifungu kinataja "mali yoyote" na kwamba kinachotakiwa ni kuonyesha kuwa mshtakiwa hakuwa na haki ya kuiharibu. Mimi naegemea upande wa pili, kwa sababu mlinzi, mpangaji au mtu aliyeazimwa kitu anastahili kulindwa sawasawa na mmiliki; lakini kwa mlalamishi nasema usibahatishe. Leta risiti, logibuku (hati ya umiliki) ya gari, au shahidi anayejua kwamba kitu ni chako, ili hoja hiyo isizuke hata kidogo.

La pili ni kuoana kwa karatasi ya mashtaka na ushahidi. Niliwahi kuiona karatasi iliyosema kwamba mshtakiwa aliharibu vioo vya madirisha, kisha mlalamishi akapanda kizimbani akazungumzia mlango wa chuma na sinki tangu mwanzo hadi mwisho. Kifungu cha 214 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Sura ya 75, kinaruhusu shtaka lirekebishwe kesi ikiendelea, lakini lirekebishwe na nani ikiwa hakuna aliyegundua? Ukiitwa kuandika taarifa, soma kila kitu kabla ya kutia sahihi, na uhakikishe kwamba kila kilichoharibiwa kimetajwa kwa jina.

La tatu ni video. Siku hizi kila ploti ina kamera na kila jirani ana simu, ila Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, katika kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa kilichotumika. Video nzuri isiyo na cheti inaweza kukataliwa, na hapo ndipo kesi iliyokuwa nyepesi inapogeuka kuwa neno lako dhidi ya neno lake.

Mama, Umoja

Mwanangu ana miaka 11. Alikuwa akicheza mpira na wenzake kwenye uwanja wa maegesho ya ploti, mpira ukapasua kioo cha mbele cha gari la jirani. Jirani ameapa kwamba atamshtaki mtoto. Nimeshindwa kulala.

Mwanzilishi wa uzi

Mama, lala. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliupandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, kwa hiyo mtoto wa miaka 11 hawezi kushtakiwa kwa kosa hili wala jingine. Angekuwa na miaka 12 au 13, sheria ingeanza na dhana kwamba hana uwezo wa kutenda kosa, mpaka upande wa mashtaka uonyeshe vinginevyo. Isitoshe, hata mtu mzima aliyepiga mpira kwa nia ya kufunga bao hakukusudia kupasua kioo. Hilo halimfanyi jirani asiwe na hasara, na ningekushauri umwendee mwenyewe kabla jua halijatua, uongee naye kuhusu gharama ya kioo, maana anachokitaka pengine ni kusikilizwa tu.

Kwa kuwa kuna atakayeniuliza: Uingereza wana sheria yao ya uharibifu wa mali ya mwaka 1971 ambayo, mbali na kukusudia, inamgusa pia mtu aliyejua kuna hatari ya kuharibu mali na bado akaendelea bila kujali. Mwaka 2003 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu ya huko, liliamua kesi ya wavulana wawili, wa miaka 11 na 12, waliowasha magazeti nyuma ya duka na moto ukasambaa, likasema kwamba lazima mshtakiwa mwenyewe awe aliitambua hatari. Kifungu chetu cha 339 hakina maneno hayo ya kutojali, na anayezinukuu kesi za huko mbele ya hakimu wa hapa aseme tofauti hiyo wazi.

Mwenye duka, Gikomba

Nami nauliza kuhusu rangi. Mtu amenipakia maandishi ya matusi kwenye mlango wa duka. Nilipolalamika akajibu kwamba rangi inaoshwa, kwa hiyo hakuna kilichoharibika.

Mwanzilishi wa uzi

Kifungu hakisemi kwamba uharibifu uwe wa kudumu. Uingereza tena, ambako maamuzi yao kwetu hapa hutumika kama mwongozo tu, mahakama ya Bristol mwaka 1986 iliona kwamba michoro ya barabarani ambayo mvua ingeiosha ilikuwa uharibifu, kwa sababu mamlaka ya mji iliingia gharama ya kuisafisha. Kinyume chake, mwaka 1978 huko huko, mate yaliyotemewa koti la mvua la polisi hayakuhesabiwa kuwa uharibifu, maana kitambaa chenye maji kingeyafuta. Kipimo ni gharama, kazi na matumizi yaliyopotea. Kama umelipa fundi akwangue mlango na kuupaka upya, ile risiti ya fundi ndiyo ushahidi wako wa uharibifu.

Mpangaji, Pipeline

Wakili, swali la mwisho. Risiti ya runinga nilikwisha kuipoteza. Je, nisipojua bei yake kamili kesi imekufa? Na nikishinda, nitalipwa au atafungwa tu?

Mwanzilishi wa uzi

Dada, kifungu cha 339(1) hakitaji kiwango chochote cha thamani. Bei huandikwa kwenye shtaka na humsaidia hakimu kupima adhabu, lakini kinachofanya kosa ni uharibifu, uwe wa shilingi 500 au 50,000. Fundi wa runinga anaweza kuandika makadirio na kuja kuyaeleza.

Kuhusu malipo, kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu amwamuru aliyepatikana na hatia amlipe fidia aliyedhurika, na ni vyema umkumbushe kiongozi wa mashtaka aiombe kabla ya adhabu kutolewa. Kisha, kwa kuwa kosa hili la kawaida la 339(1) linahesabiwa kuwa dogo, kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinaipa korti nafasi ya kuhimiza mapatano yenye fidia, na kifungu cha 204 kinakuruhusu uiondoe kesi kwa ruhusa ya hakimu ukiwa na sababu za kutosha. Nafasi hiyo hufungwa pale uharibifu unapokuwa wa kuchoma jengo, kwa sababu hapo tumehamia kifungu cha 332, ambacho adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Ukipatana na mwenye nyumba, mkubaliane kwa maandishi na fedha zipokewe kabla hujasimama mbele ya hakimu kusema umeridhika. Nimewaona waliosema wameridhika kwa ahadi, kesi ikafungwa, na simu hazikupokelewa tena.

Kwa sasa usiitupe ile runinga wala vipande vya kioo. Ipige picha ikiwa pale ilipoanguka kama hujaisogeza, andika majina ya majirani waliokuwepo mchana ule fundi alipokuja, kisha rudi kituoni uombe taarifa iandikwe kuhusu runinga pekee, bila kuutaja mlango kama mali yako. Wakikataa kuipokea, mwombe mkuu wa kituo, na ukishindwa hapo niandikie kwenye ujumbe wa faragha nikuelekeze kwenye ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.